Vegani kumi na mmoja na Thailand ya mashambani: mtakula nini, mtalala wapi?

Swali

"Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha watu 11 kutoka Mombasa na Nairobi, vegani watupu: hatuli nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Tunataka kwenda Thailand kwa siku 12. Hatufuati ufukwe, ufukwe tunao. Tunataka kuona mila za watu na maisha ya shambani. Mashirika matatu yametupa bei na yote yanasema 'chakula cha mboga kipo'. Lakini dada mmoja aliyewahi kufika huko anatuambia kila kitu kina samaki. Wawili wanasema twende Novemba, wengine Februari au Machi. Watatu kati yetu ni Waislamu, na mkubwa wetu ni mama wa miaka 63. Twende lini, wapi, na je, tutakula?"

Jibu

Marahaba, mwanangu.

Dada yenu hakuwadanganya, na hayo mashirika nayo hayakuwadanganya. Thailand mboga zimejaa kila kona, na samaki yumo humo humo ndani ya mboga. Chukua phak bung, majani yanayoota majini, ndugu wa matembele yetu. Hukaangwa kwenye karai la moto mkali kwa kitunguu saumu na pilipili, yakaletwa mezani yakiwa kijani yanang'aa, nawe ukasema hapa sina shaka. Kumbe yametiwa mchuzi wa chaza.

Kwa hiyo kabla ya ramani na nauli, jifunzeni majina matatu. Nam pla ni maji ya dagaa wa baharini waliochachushwa kwa chumvi miezi mingi. Jikoni yanafanya kazi ya chumvi. Kapi ni uduvi uliopondwa na chumvi ukachacha, na ndio uliomo ndani ya viungo vya kusaga vya karibu kila mchuzi wa nazi, uwe mwekundu au wa kijani. Nam man hoi ndiyo hiyo sosi ya chaza. Ukienda kaskazini mashariki, Isan, unakutana na wa nne: pla ra, samaki wa maji baridi waliovundikwa mtungini na pumba za mchele, harufu yake inakutangulia mlangoni.

Mpishi wa Kithai akikwambia "hamna samaki" hakuongopei. Kwake nam pla si samaki, kama vile wewe usivyohesabu chumvi kuwa chakula. Mimi nilijifunza kwa aibu. Safari yangu ya kwanza kuongoza kikundi, hoteli moja ilituwekea meza yetu peke yetu yenye kibao cha mboga, tukala mchuzi wa kijani siku tatu tukiusifu. Siku ya nne nikaingia jikoni kuomba maji ya moto, nikamkuta mpishi anachota kapi kwa kijiko cha supu. Wenzangu walinisamehe, lakini si siku hiyo.

Sasa dawa yake. Neno ambalo mashirika yanatumia, la mboga, kwa Kithai ni mangsawirat: mtu asiyekula nyama. Mayai na maziwa yanaweza kuwemo, na nam pla huteleza mara nyingi. Neno lenu ninyi ni jay. Jay ni desturi iliyokuja na Wachina waliohamia Thailand, na ina masharti ya dini: hakuna nyama, samaki, yai, maziwa, wala chochote kilichotoka kwa mnyama. Inaenda mbele kuliko ninyi, kwani hata kitunguu saumu, vitunguu maji na majani ya jamii yake hayaruhusiwi. Duka la jay utalijua kwa kibendera cha manjano chenye herufi nyekundu ambazo kwa macho ya mgeni zinafanana na namba 17. Mkiiona hiyo 17 ya uongo, ingieni. Sahani ya wali na mboga mbili hupatikana kwa baht 40 hadi 60 hivi. Ila mengi ya maduka hayo hupika alfajiri, na ikifika saa nane mchana vyungu vimekauka, kwa hiyo msitegemee jay kwa chakula cha usiku mji mdogo.

Kila mwaka, siku tisa za mwezi wa tisa wa kalenda ya Kichina, ambazo huangukia kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba, nchi inajaa vibendera hivyo. Phuket, kisiwa cha kusini, ndiko sherehe ilikovuma. Simulizi ya huko inasema mwaka 1825 kundi la waigizaji wa Kichina lilifika Kathu kutumbuiza wachimba bati, likaugua, likapona baada ya kuacha nyama na kuomba miungu tisa. Watu wataniuliza mbona siwapeleki wakati huo. Kwa tumbo, ni peponi. Lakini mvua bado zinanyesha, na maandamano ya Phuket ni watu waliopandwa na pepo, mashavuni wamepitisha vyuma na mapanga. Anayetaka kuona maisha ya shambani huko atakuwa amepotea njia. Iwekeni kwa safari ya pili.

Hapa nitoe na dhana moja ambayo kila kikundi cha vegani kinakuja nayo: kwamba nchi ya Wabudha ni nchi ya wasiokula nyama. Sivyo. Mtawa wa Kithai hula anachopewa kwenye bakuli lake asubuhi, nyama ikiwemo, ilmradi hakuona, hakusikia wala hana shaka kwamba mnyama alichinjwa kwa ajili yake. Waliolivalia njuga suala la nyama ni wachache. Wanaojulikana zaidi ni Santi Asoke, kundi lililojitenga na uongozi wa watawa wa nchi mwaka 1975, ambalo wafuasi wake hawagusi nyama. Chamlong Srimuang, mwanajeshi aliyechaguliwa gavana wa Bangkok mwaka 1985, alikuwa mfuasi wao, akijulikana kwa kula mlo mmoja kwa siku tena wa mboga. Wana migahawa ya bei ya chini mijini na vijiji vyao wenyewe Isan, kimoja huko Ubon Ratchathani. Isan ni nzuri mno, lakini kwa siku 12, na pla ra katika kila bakuli, naiacha nje ya safari hii.

Lini, basi? Hao wawili wa Novemba wako sahihi. Februari na Machi zinauzwa sana, lakini kaskazini ndio msimu wa kuchoma mabua na misitu: kuanzia Februari hadi Aprili moshi unatanda bondeni Chiang Mai mpaka mlima ulio pembeni ya mji hauonekani, na mama wa miaka 63 hana sababu ya kuupumua. Novemba mvua zimekwisha, baridi ya asubuhi imeanza kule juu, na mpunga unavunwa. Mkibahatisha mwezi mpevu wa mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yao ya mwezi, mtaikuta Loy Krathong, watu wakielesha vijahazi vya shina la mgomba na majani yake vyenye mshumaa na ua, kuiomba radhi mito. Chiang Mai huongeza taa za karatasi za kurushwa angani. Wekeni vyumba na tiketi mapema, maana wakati huo nyumba zote za wageni hujaa.

Njia ninayowashauri ina vituo vichache kuliko hizo mlizopewa. Bila shaka mojawapo ya hayo mashirika limewawekea miji saba; mtakuwa mnaona viti vya basi. Laleni Bangkok mbili, Amphawa mbili, usiku mmoja kwenye treni, Chiang Mai mbili, kijijini tatu, mrudi Chiang Mai usiku mmoja, mpande ndege.

Bangkok sitaizungumza sana. Watu wetu wengi wanaijua kwa Pratunam, kwenye nguo za jumla, au kwa biashara ya vito vyetu vinavyokwenda kukatwa huko. Ninyi jioni nendeni Yaowarat, mtaa wa Wachina, mtafute namba 17 yenu. Asubuhi tafuteni nam taohu, maziwa ya soya ya moto yanayouzwa kando ya barabara. Chai yao ya rangi ya chungwa iacheni, ina maziwa ya kopo.

Amphawa iko katika mkoa wa Samut Songkhram, mwendo wa saa moja na nusu hivi kusini magharibi. Wageni huenda kwa soko la majini, linalochangamka Ijumaa hadi Jumapili jioni, wakaondoka usiku huo huo. Ninyi kaeni, maana hapa mtu wa pwani anajiona nyumbani kwa namna ya kushangaza. Mashamba ni ya minazi, mifereji inapita katikati, na wapo wagema. Mgema wao hupanda alfajiri, hukata shada la maua ya mnazi ambalo halijachanua na kuning'iniza chombo kama wetu. Tofauti ni moja. Wetu anangoja tembo lichachuke. Wao wanaukimbia uchachu kama ukoma. Chomboni wanatia vipande vya mti uitwao phayom ili maji yasichachuke, kisha wanayamwaga kwenye karai kubwa juu ya tanuri, yanachemka na kupigwapigwa mpaka yawe sukari laini ya rangi ya kahawia. Ombeni mwongozaji awapeleke kwenye tanuri linalotoa moshi kweli, saa mbili asubuhi, na muulize kama wanachanganya sukari ya miwa. Wengi wanachanganya, maana ni rahisi, na mzee anayepika ya mnazi mtupu hufurahi kuulizwa.

Hapo pia kuna khanom khrok, vinavyopikwa kwenye chuma chenye vishimo, unga wa mchele na tui. Mtu wa Mombasa akiviona atasema vitumbua, na hatakuwa mbali. Vyao ni vidogo, katikati tui limebaki laini kama uji, na juu hunyunyiziwa majani ya kitunguu au mahindi. Kigoda cha kukunia nazi wanacho pia. Sisi tunakiita mbuzi. Wao wanakiita kratai, sungura. Nimewahi kukaa na bibi mmoja wa huko tukicheka jambo hilo kwa dakika kumi nzima bila kuwa na lugha moja.

Nazi yenyewe lakini ina neno lake kwenu. Katika mikoa ya kusini, Surat Thani na Chumphon na visiwani, wapo wenye mashamba wanaotumia kima waliofundishwa kuangua nazi, wakiwa wamefungwa kamba shingoni. Baada ya PETA Asia, shirika la kutetea wanyama, kutoa picha zake, mwaka 2020 maduka makubwa ya Uingereza yaliondoa baadhi ya tui la Thailand kwenye rafu. Serikali na wenye viwanda wakajibu kuwa nazi za kuuza nje haziangukii mikononi mwa kima. Sisi tuliozoea mkwezi binadamu jambo hili linatugusa kwa namna yake. Samut Songkhram wanaangua kwa mianzi mirefu na minazi mingi ni mifupi, hiyo ni sababu yangu nyingine ya kuwapeleka huko na si kisiwa cha Ko Samui. Usiku kodini mtumbwi, mwende kuona vimulimuli kwenye miti ya lamphu, ya jamii ya mikoko, halafu mzime simu.

Treni ya usiku ya kwenda Chiang Mai inaondoka kituo kipya cha Krung Thep Aphiwat, si kile cha zamani cha Hua Lamphong. Ni kama kilomita 750, saa 12 hadi 13. Mama yenu mpeni kitanda cha chini: ni kipana kuliko cha juu na hapandi ngazi. Chakula cha ndani ya treni kina nam pla, msibishane na mhudumu. Beba wali na tofu kutoka duka la jay.

Chiang Mai, mji uliojengwa na mfalme Mangrai mwaka 1296, ndipo penye migahawa ya vegani mingi mpaka inachosha. Kula khao soi ya jay, tambi za mchuzi wa nazi zenye tambi nyingine kavu juu (mahali pengine tambi zake huwa na yai, ulizeni). Inasemekana chakula hiki kililetwa na Waislamu wa Yunnan, kusini mwa China, waliokuwa wakipita na misafara ya nyumbu. Wazao wao bado wapo. Waislamu wenu watatu watasali Ijumaa msikiti wa Ban Haw, karibu na soko la usiku, na asubuhi ya siku hiyo kuna gulio la watu wa Yunnan hapo jirani, mboga za milimani na maharage ya kuchachushwa. Kikundi kizima kiende. Hekaluni nao si lazima wasujudu wala wawashe udi. Kuvua viatu, kufunika mabega na magoti, na kutoelekeza nyayo kwenye sanamu inatosha. Wanawake wote, msimguse mtawa wala msimpe kitu mkononi. Kiwekeni juu ya kitambaa atakachotandika. Na mambo ya mfalme yaacheni kabisa hata kwa utani, adhabu yake kisheria ni miaka 3 hadi 15. Wat Phra That Doi Suthep, hekalu la mlimani, ina ngazi nyingi, lakini pembeni ipo lifti ya reli kwa ajili ya mama.

Sasa tufike kijijini, maana hapa ndipo safari yenu itakaposimama au kuanguka, na barua zote ninazopata huuliza habari za migahawa.

Mgahawani wewe ni mteja. Kijijini ni mgeni, na mgeni wa Kithai ni kama mgeni wa Kiswahili: asipochinjiwa mwenyeji anaona haya. Mkimwambia mama mwenye nyumba "hatuli nyama" siku mnafika, atafikiri mmemwonea huruma kwa umaskini wake, atawakaangia mayai. Kwa hiyo habari zitangulie wiki moja kabla, kwa simu, kwa mdomo wa Mthai. Na zitumie neno jay, kwa sababu jay analielewa kuwa ni jambo la thawabu, atalibariki badala ya kulionea huruma. Ila lina mtego: akisikia jay ataondoa vitunguu saumu pia, na chakula cha kaskazini bila kitunguu saumu ni huzuni. Sentensi ni "kin jay, tae kin krathiam dai": tunakula jay, lakini kitunguu saumu twala. Wanawake maliziani na "kha", wanaume "khrap". Iandikeni kwa herufi za Kithai kwenye kadi, kila mtu awe na yake, pamoja na "mai sai nam pla, mai sai kapi, mai sai nam man hoi, mai sai khai", yaani msitie hivyo vitatu wala yai. Kadi hiyo aiandike Mthai mwenye kalamu, si programu ya simu. Ongezeni "phet nit noi", pilipili kidogo, maana wana pilipili waliyoiita mavi ya panya na ni binamu wa pilipili kichaa wetu.

Halafu siri niliyoichelewa kuijua. Kaskazini ni mbali na bahari. Zamani uduvi haukufika huko kwa urahisi, na bibi za huko, hasa wa kabila la Watai Yai, walitumia thua nao: soya iliyochemshwa, ikachachushwa, ikapondwa na kuanikwa kama visahani vyembamba vya kahawia. Inachomwa kidogo juu ya makaa, inatwangwa na viungo, na inafanya kazi ile ile ya kapi. Mkimwomba mwenyeji apike "kwa thua nao badala ya kapi", hamumwondolei kitu, mnamrudisha kwenye chungu cha bibi yake. Nimeona mama mmoja aliyekuwa amenuna tangu tufike akainuka, akaenda kwa jirani, akarudi na kifurushi cha majani ya mgomba, na kuanzia hapo jikoni tukawa wenyeji. Fenesi changa la kutwanga, uyoga, machipukizi ya mianzi, nam prik num ya pilipili za kuchoma na mboga za kuchemsha, vyote hivyo vikae na wali wa kunata mnaoufinyanga matonge kwa mkono wa kulia. Hilo hamfundishwi.

Kijiji gani? Mae Kampong kiko kama kilomita 50 mashariki ya Chiang Mai, zaidi ya mita 1,000 juu, nyumba za mbao zimeshikana kandokando ya kijito. Watu wamepokea wageni majumbani miaka mingi na wana utaratibu wa kugawana mapato. Watakuonyesheni miang, majani ya chai ya mwituni yanayofungwa matita, yakapikwa kwa mvuke na kuchachushwa, kisha kutafunwa na chembe ya chumvi, kama wazee wetu na tambuu. Kina kasoro moja kubwa: Jumamosi na Jumapili Chiang Mai nzima iko pale inapiga picha. Nendeni Jumatatu hadi Alhamisi au msiende. Wanaotaka utulivu zaidi waombe kijiji cha Wakaren, wanaojiita Pgakenyaw, wakulima wa mashamba ya kuhamahama milimani. Huko choo ni cha kuchuchumaa na godoro ni jembamba, mwambieni mama yenu mapema aamue mwenyewe.

Yapo mambo mengine ambayo hayamo kwenye sahani na mtagombana juu yake msipoyaamua kabla ya kuondoka. Tembo ndio wa kwanza. Serikali ilipopiga marufuku ukataji magogo mwaka 1989, tembo waliokuwa wakivuta magogo na wenye nao walikosa kazi, wakahamia kwa watalii. Leo kuna zaidi ya tembo 3,000 wanaofugwa, na kila kambi sasa inajiita hifadhi. Kipimo changu ni kifupi: panapoendeshwa, pana maonyesho, au pana watalii wanaoogesha tembo kwa zamu, sipeleki mtu. Elephant Nature Park ya Mae Taeng, iliyoanzishwa na Saengduean "Lek" Chailert, hulisha wageni wake chakula kisicho na nyama, ndiyo mnayoweza kuanza nayo. Mafuriko ya Oktoba 2024 yaliiumiza. Hata hapo, mkiona tembo kwa mbali tu mkaridhika, mtakuwa mmeona vizuri.

Hariri ni ya pili. Ratiba zenu zote tatu, nina hakika, zina San Kamphaeng na "kiwanda cha hariri". Nyuzi hupatikana kwa kuchemsha vifukofuko na mnyoo ukiwa hai ndani, na mnyoo wenyewe huliwa kama karanga. Baadhi yenu watatoka wakilia, wengine watanunua skafu. Mwambieni wakala aondoe saa hizo, badala yake Bo Sang, wanakotengeneza miavuli kwa karatasi ya magome ya mti, na mnunue pamba ya nili ya mo hom, vazi la wakulima wa kaskazini.

Na la tatu litawakuta mlangoni mwa hekalu: ndege wadogo ndani ya vitundu, samaki kwenye mifuko, kasa. Unalipa, unafungua, unapata thawabu. Moyo wa vegani unayeyuka hapo. Msinunue. Ndege hao walinaswa ili mje muwafungulie, na kesho watanaswa wengine.

Makaratasi kwa ufupi. Thailand inawadai wasafiri kutoka Kenya, kama Tanzania na Uganda, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imepigwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Viza huombwa kwa mtandao, na tangu Mei 2025 kila mgeni hujaza kadi ya kuingia ya kidijitali ndani ya siku tatu kabla ya kuwasili. Chapeni ratiba, nafasi za hoteli na tiketi za kurudi. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wamedanganywa kazi Bangkok wakavushwa hadi kambi za utapeli Myanmar, kwa hiyo msishangae ofisa akiwauliza maswali mawili zaidi. Jibuni kwa utulivu na karatasi mkononi.

Hilo shirika mtakalolichagua, msiliulize kama chakula cha mboga kipo. Liulizeni nani atapiga simu kijijini, lini, na atasema maneno gani. Likijibu kwa Kithai, lipeni arbuni.

Mkipata thua nao nzuri gulioni, leteni. Zifungeni mifuko mitatu, na msizitie sanduku moja na nguo. Yangu ilinuka hadi uwanja wa ndege wa Moi, na mzee wa teksi akaniuliza kwa adabu nimebeba nini.